Ngumi Si Parafujo

Nimeshachoka kusikia kwamba ngumi ya karate ina nguvu kuliko ya bondia eti kwa sababu inazungushwa mwishoni, inaingia kama parafujo. Ngumi haiingii mahali popote. Inagonga, inarudi. Kuugeuza mkono toka kiwiko hadi kiganja ni kitu kidogo mno kumtikisa mtu mzima. Halafu bondia naye anazungusha! Jabu, yaani ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele, hutoka kidole gumba kikiwa juu, hufika kiganja kimetazama chini. Sasa hiyo tofauti iko wapi?

Pima mwenyewe kwenye begi zito. Piga ngumi kumi za mkono wa nyuma, uzungushe vizuri kabisa, lakini kisigino na nyonga visisogee. Kisha piga kumi nyingine bila kuzungusha, gumba libaki juu, ila sasa kisigino cha nyuma kinanyanyuka na kugeuka, nyonga inafuata, bega linamalizia. Zile za kwanza zinalia pa! na begi linayumba kidogo. Za pili zinalikunja begi katikati. Nguvu imetoka sakafuni.

Kuzungusha kuna kazi yake, tena kubwa, lakini ni kazi ya kunyoosha njia. Katika karate ngumi huanzia ubavuni, kiganja kikitazama juu, na kiwiko hupita kikisugua mbavu. Ukigeuza mapema, kiwiko kinafunguka kwenda nje, ngumi inachora upinde, na mpinzani anaiona ikija. Ndiyo maana mwalimu anasisitiza ugeuze mwishoni. Kwa bondia, mkono unaanzia shavuni. Ukigeuka, bega linapanda na kufunika kidevu.

Jambo la tatu ni mifupa, na hapa naomba utulie. Mifupa ya kiganja inayobeba kidole cha shahada na cha kati imeshikana imara na mifupa ya kifundo cha mkono, haichezi. Ile ya kidole cha pete na cha mwisho inacheza: kunja ngumi, bonyeza kifundo cha kidole cha mwisho, utaona kinarudi nyuma. Kwa hiyo ngumi ya moja kwa moja iliyofika usawa wa bega, kiganja chini, inatakiwa igonge kwa vifundo viwili vya kwanza. Kikitangulia cha mwisho, mfupa wake unavunjika shingoni. Madaktari wameubandika mvunjiko huo jina la mabondia, ingawa wanaoupata zaidi ni watu wasio na mafunzo wanaopiga ukuta kwa hasira.

Mbona basi watu wa Wing Chun, mtindo wa kung fu wa China, wanapiga ngumi ya wima, na wengi wao wanagonga kwa vifundo vitatu vya chini, wala mikono haivunjiki? Kwa sababu kiwiko chao kiko chini ya ngumi, mkono unapita katikati ya kifua, na kifundo cha mkono kimeinuliwa kidogo hadi vile vitatu vikae sawa na mfupa wa mkono. Chukua ngumi hiyohiyo, inyanyue hadi paji la uso la mtu mrefu, na ule mpangilio unavurugika. Anayekwambia wima ni bora, au kiganja chini ni bora, bila kukuuliza unapiga kwa urefu gani na kwa umbali gani, hajakujibu.

Na glavu? Kanuni za ndondi za Queensberry zilizotaka glavu zilichapishwa mwaka 1867, lakini mabondia John L. Sullivan na Jake Kilrain bado walipigana kwa mikono mitupu mwaka 1889, raundi 75. Leo bondia wa kulipwa kwa kawaida anavaa glavu za aunsi 8 akiwa na uzito wa hadi kilo 66.7, na aunsi 10 juu ya hapo, na ndani yake kuna bandeji iliyofunga kifundo cha mkono. Ngumi zake nzito za pembeni (huku) kichwani zinategemea vitu hivyo. Mvue, naye itabidi achague pa kupiga.

Sheria nazo zinaumba ngumi. Kwenye Kyokushin, mtindo wa karate wa kugongana kweli, mkono hauruhusiwi kupiga kichwa, kwa hiyo wanasogeleana na kutwangana kifuani. Kwenye taekwondo ya Olimpiki ngumi inahesabiwa kiwiliwilini tu, tena pointi moja. Nani atapoteza muda nayo? Mpiganaji wa Muay Thai, ndondi ya Thailand inayoruhusu magoti, anasimama wima kwa sababu akiinama kama bondia anakutana na goti.

Kuhusu ule mkono wa pili wa karate, unaorudi ubavuni wakati mwingine unapiga: maelezo kwamba unaongeza nguvu ni dhaifu. Bondia anapata mzunguko wa nyonga uleule mkono wake ukiwa shavuni. Maana yake inayoingia akilini ni kumshika mpinzani mkono na kumvuta kwenye ngumi yako. Lakini tuseme ukweli, hata tunaoifundisha hivyo: katika pambano la bure nafasi ya kuushika mkono huo ni nadra, na wanakarate wa mashindano wenyewe wanaweka mikono yote miwili mbele.

Ngumi ya pembeni ndiyo inayogawanya walimu zaidi. Naifundisha hivi: karibu, gumba juu; mbali, kiganja chini, maana mkono ukinyooka huku gumba liko juu unagonga kwa gumba lenyewe. Wapo walimu wazuri wanaogeuza kiganja chini kila mara, na wanafunzi wao hawaumii.

Kabla ya begi, weka ngumi ukutani kwa urefu unaotaka kupiga, uegemee taratibu, uzito uongezeke kidogo kidogo. Kifundo cha mkono kikianza kupinda, sogeza kiwiko, usikaze misuli. Kikitulia bila kukazwa, hapo ndipo ngumi yako ilipo.