Je, wajua kwa nini mtoto huanguka kitandani, na wewe huanguki?

Usiku wa kwanza binti yetu alipohamishwa kutoka kitanda chake chenye fito pembeni kwenda kitanda cha futi tatu na nusu kwa sita, tulisikia kishindo saa tano kasoro robo, tukiwa bado sebuleni. Puu. Halafu kimya. Kimya ndicho kilichonitia hofu. Nilimkuta chini kalala kifudifudi, shavu limebanwa kwenye vigae, anakoroma. Alikuwa na miaka miwili na miezi saba. Nilimwinua, nikampapasa kichwa, nikamrudisha kitandani, na wala hakufumbua jicho. Asubuhi nilimuuliza kama anaumwa popote. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa habari za mji ambao hajawahi kufika.

Siku hiyo maelezo nilikuwa nayo tayari. Mtoto anaota anakimbia, miguu inakwenda kweli, inamfikisha ukingoni, anadondoka. Dawa nilikuwa nayo pia: akianguka mara mbili tatu atajifunza. Yote mawili si kweli, na hilo la ndoto si kweli kwa namna inayofurahisha, kwa hiyo nitalikalia kidogo.

Ndoto zile zenye visa virefu huja zaidi katika hatua ya usingizi ambayo macho hucheza chini ya kope. Hatua hiyo ilitangazwa mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago, na mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kubandikwa nyaya usoni alikuwa Armond, mtoto wa Aserinsky mwenyewe, akiwa na miaka minane. (Mtafiti asiye na bajeti humtumia aliye karibu.) Miaka michache baadaye, mjini Lyon, Michel Jouvet aliona jambo geni kwa paka. Wakiwa katika hatua hiyohiyo, ubongo wao ulichemka kama wa paka aliye macho, lakini misuli ya shingo ilikuwa imelegea kabisa, kama ya mzoga. Shina la ubongo, linalouunganisha ubongo na uti wa mgongo, lilikuwa linazuia amri zisifike kwenye misuli. Jouvet alipoharibu sehemu ndogo ya shina hilo, paka waliolala waliinuka, wakanyemelea mawindo yasiyokuwepo na kuyarushia makucha.

Ni kama gari lililowashwa gia ikiwa huru. Ukanyage mafuta utakavyo, injini itanguruma na moshi utatoka, lakini magurudumu hayatazunguka. Anayeota anakimbia hakimbii, na ndiyo maana sote tunaijua ile ndoto ya kufukuzwa huku miguu imekuwa mizito kama ya zege, ingawa kuunganisha hayo mawili ni kishawishi kuliko ushahidi.

Watu wanaodondoka kitandani kwa sababu ya ndoto wapo kweli. Mwaka 1986 Carlos Schenck na Mark Mahowald, madaktari wa Minnesota nchini Marekani, walieleza habari za wagonjwa waliopigana ndotoni kwa ngumi za kweli, wakaruka kutoka kitandani na kujiumiza. Wengi wao walikuwa wanaume waliokwisha kuvuka miaka 60. Kwa hao, gia ilikuwa imeingia. Kwa watoto wachanga nako breki hiyo haijakaza sawasawa: vidole hutikisika, midomo hunyonya hewa, tabasamu huja na kupotea. Lakini kidole kinachotikisika hakibingirishi mwili wa kilo kumi na mbili.

Basi mwili hugeuka saa ngapi? Hugeuka kwenye maungio. Usingizi huenda kwa mizunguko, kama dakika 90 kwa mtu mzima na karibu saa moja kwa mtoto wa miaka miwili. Mzunguko mmoja unapomalizika, au usingizi mzito unapopisha ule mwepesi, ubongo huelea karibu na uso wa maji kwa muda mfupi, mwili hujigeuza, kisha huzama tena. Mtoto ana mizunguko mifupi na usiku mrefu, hivyo maungio yake ni mengi. Joseph De Koninck na wenzake nchini Kanada waliwapiga picha watu wa rika tano wakiwa wamelala, kuanzia watoto wa miaka 3 hadi 5 mpaka wazee wa miaka 65 hadi 80, na matokeo yao ya mwaka 1992 yalionyesha kwamba kujigeuza hupungua kadiri umri unavyopanda. Waliopimwa walikuwa wachache. Mzazi yeyote aliyelala kitanda kimoja na mtoto wa miaka mitatu atakubaliana nao bila kuuliza idadi.

Ila kujigeuza tu hakutoshi kueleza anguko. Wewe nawe ulijigeuza jana usiku, mara nyingi kuliko unavyodhani, na asubuhi umeamka juu ya godoro. Mwenye kazi hapa ni mlinzi.

Mfikirie mlinzi wa usiku kwenye nyumba yenye geti. Hakeshi wima. Anasinzia kwenye kiti chake, koti limemfunika mpaka masikioni. Lakini kila baada ya muda anaamka nusu, anauzunguka ukuta na tochi, anatikisa kufuli, anarudi kitini. Asubuhi ukimuuliza kazunguka mara ngapi, hakumbuki. Wewe mtu mzima unaye huyo. Unapojigeuza usiku hubingiriki kama pipa. Unainua nyonga kidogo, unajivuta nyuma kuelekea katikati, ndipo unageuka. Jaribu leo kabla hujasinzia, uone mwili unavyofanya hivyo bila kuagizwa. Mguu ukining'inia nje ya godoro, ngozi na viungo hupeleka taarifa, na kabla ya alfajiri mguu umerudishwa ndani.

Kwamba ubongo uliolala husoma taarifa na kuzichambua, hilo lilipimwa zamani. Mwaka 1960 Ian Oswald na wenzake nchini Uingereza waliwasomea majina watu waliolala, na wakaona kila mmoja huitikia jina lake zaidi ya majina ya wengine. Ni mlinzi yuleyule anayemfanya mama asisikie radi lakini asikie mwanawe akikohoa chumba cha pili. Na abiria anayesinzia kwenye daladala tangu Kariakoo, kisha akafumbua macho kituo kimoja kabla ya chake, naye ana mlinzi makini, japo hapo konda humsaidia kwa kelele.

Mtoto naye ana mlinzi, ila usingizi umempiga. Usingizi mzito wa watoto ni mzito kweli, na hurundikana mwanzoni mwa usiku, ndiyo maana unaweza kumtoa mtoto kwenye gari, ukampandisha ngazi, ukamvua viatu, na shingo ikaendelea kuning'inia begani kwako. Mwaka 1999 Dorothy Bruck wa Australia alichapisha jaribio lililowafanya watu wa zimamoto wakune kichwa. Watoto na vijana 20 wa miaka 6 hadi 17 walilala nyumbani kwao, na kengele ya moshi ikapigwa usiku, mara mbili kwa siku tofauti, ikisikika kwenye mto wa kulalia kwa desibeli 60. Kumi na saba kati yao, walau mara moja kati ya hizo mbili, hawakuamka. Ukingo wa godoro si kengele, na hao si watoto wa miaka miwili, kwa hiyo tusilivute jaribio hili kupita kimo chake. Lakini kama kengele ya moto haimwamshi, sioni godoro la inchi nane linaloishia chini ya kiwiko lingefanyaje kazi hiyo.

Halafu mlinzi huyu ni mgeni kazini. Miaka miwili kitanda kilikuwa na fito pande zote. Alijigeuza, akagonga fito, akageukia upande mwingine. Ukuta ulijilinda wenyewe. Jana tumeuvunja ukuta, na hakuna aliyempa taarifa.

Kuhusu ukingo na ujuzi wake kuna kazi nzuri ya Karen Adolph wa Chuo Kikuu cha New York. Aliwaweka watoto wa miezi tisa na nusu mbele ya pengo. Watoto haohao, wakiwa wamekaa, jambo walilolizoea, walipima vizuri wasifikie mbali mno. Wakiwa wanatambaa, jambo jipya kwao, walijitosa pengoni, mtafiti akawadaka. Ujuzi wa ukingo haukuhama kutoka mkao mmoja kwenda mwingine. Kila mkao uliusomea upya. Adolph aliwapima wakiwa macho, na kutoka hapo kwenda usingizini ni hatua yangu mwenyewe. Lakini inanisaidia kuelewa kwa nini binti yangu, ambaye mchana hushuka kitandani kwa adabu, tumbo chini na miguu mbele, usiku hudondoka kama embe.

Sasa ile dawa yangu ya kumwacha aanguke ajifunze. Mwanafunzi hajifunzi somo ambalo hakuwepo darasani. Anayedondoka kutoka usingizi mzito na kuendelea kukoroma sakafuni hana anachokumbuka. Kinachobadilika ni umri: usingizi mzito hupungua polepole, kujigeuza kunapungua, mlinzi anakomaa. Huenda kugonga ukingo usiku baada ya usiku, bila kuanguka, humfundisha kitu fulani, sipingi. Bibi yake aliyemaliza jambo hili kwa sentensi moja aliniambia, “Tandika godoro chini, mwanangu, mengine mwachie umri,” nami nikadhani ni ushauri wa kuahirisha tatizo.

Kama ni hivyo, kwa nini kumhamisha? Kwa sababu fito nazo zina mwisho wake. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani husema mtoto aondoke kwenye kitanda hicho akifika kimo cha sentimita 89, au pale ubavu wa kitanda unapokuwa chini ya robo tatu ya kimo chake. Ubavu ukimfika kifuani anaweza kuutupia mguu, na anayedondoka kutoka juu ya fito hudondoka kutoka mbali zaidi kuliko anayebingirika kutoka kitandani. Asipopanda, hakuna haraka. Mwaka 2019 Ariel Williamson na wenzake walichapisha majibu ya wazazi wa watoto 1,983 wa miezi 18 hadi 36 katika nchi tano, Marekani na Uingereza zikiwemo. Waliokuwa bado kwenye vitanda vya fito walilala mapema zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Ila hayo ni maneno ya wazazi, na huenda wasumbufu wa usingizi ndio waliohamishwa mapema. Tena ni nchi za watu waliozoea vitanda hivyo. Kwetu wengi wametoka ubavuni kwa mama moja kwa moja hadi kitanda cha dada na kaka, bila kuonja fito.

Vitanda vyetu vya zamani vilikuwa na ujanja wao. Kitanda cha kamba hulegea katikati, na anayelala humo hubingirikia bondeni, mbali na mifumbati. Godoro la sponji ni uwanda, ukingo na katikati ni sawa. Chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro nacho humrudisha mtoto anayejigeuza, nimekiona kikifanya hivyo, lakini hakikushonwa kubeba uzito, na mtoto aliyekiegemea mbu humuuma akiwa nje palepale. Kusukuma kitanda ukutani ndiko nilikokuona salama kuliko yote, hadi nilipojua kwamba mwili mdogo unaweza kuteleza na kunasa kati ya godoro na ukuta. Ukikisukuma, hakikisha hapapiti hata kiganja, na urudie kuangalia, maana vitanda husogea. Na mito ya kuzungushia ni hatari kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, inaweza kumziba pumzi.

Sisi tulimsikiliza bibi. Godoro likashuka chini, mkeka ubavuni, na vishindo vikaisha. Bado nilimkuta sakafuni asubuhi tatu katika wiki mbili, kichwa kinakoelekea siwezi kutabiri, nami kila mara nikaandika kwenye simu: kaanguka tena. Ilikuwa Desemba, joto la Dar unalijua. Asubuhi ya nne nilisimama nikatazama vizuri. Alikuwa kwenye vigae, kanga imemfika kiunoni, mto uko chini ya kichwa umenyooshwa vizuri, na chupa yake ya maji iko karibu na mkono. Mtu anayeanguka haangukii na mto. Nilifuta yale matatu.