Je, wajua kwa nini gavana wa China ya kale hakuruhusiwa kuongoza mkoa wa kwao?

Lin Zexu alizaliwa 1785 Fuzhou, mji wa mkoa wa Fujian huko pwani ya China, baba yake mwalimu na nyumbani hali ngumu. Wengi tunamjua kwa jambo moja tu, ndiye aliyeharibu makasha zaidi ya 20,000 ya kasumba ya wafanyabiashara wa Uingereza pale Humen mwaka 1839, na kilichofuata ni vita. Mimi lakini kinachonishika zaidi ni safari ya kazi yake. Alitumikia Zhejiang, Jiangsu, Shaanxi, Hubei, Henan, Guangdong, Yunnan, yaani kaizunguka nchi nzima, ila Fujian kwao hawakumpa cheo hata siku moja. Na si kwamba alikuwa na bahati mbaya, ndo sheria ilivyokuwa.

Tunazungumzia enzi za Qing, 1644 hadi 1912. China yenyewe ilikuwa na mikoa 18, na juu yake kulikuwa na wakubwa wa aina mbili, gavana wa mkoa aliyeitwa xunfu na gavana mkuu aliyeitwa zongdu, huyu wa pili mara nyingi alisimamia mikoa miwili au mitatu kwa pamoja. Wote ukiwahesabu ni ishirini na kitu hivi, kwenye nchi iliyokuwa na watu karibu milioni 300 ilipofika mwaka 1800. Hakuna aliyepigiwa kura, wote waliteuliwa na mfalme na wakati wowote angeweza kuwatoa.

Sasa sheria yenyewe ilisema hivi, afisa hafanyi kazi mkoa aliozaliwa, na hata ukipangiwa mkoa wa jirani, kama wilaya iko ndani ya li 500 kutoka nyumbani kwenu (karibu kilomita 280) hupewi. Alafu ndugu wa karibu hawakai ofisi moja, mmoja akiwa bosi wa mwenzake, yule mdogo kwa cheo anahamishwa. Ukifikiria inaeleweka kabisa. Mtu akiwa kwao ana wajomba, ana wakwe, ana mashamba, ana watu aliosoma nao, makaburi ya mababu yako pale pale, je kodi ya shamba la mjomba ataidai kwa sura gani? Na kesi ya shemeji ataiamuaje?

Ila kulikuwa na hofu kubwa zaidi ya hiyo ya undugu. Watawala wa Qing walikuwa Wamanchu kutoka kaskazini mashariki, watu wachache wanaotawala Wahan wengi mno, na walishaonja uchungu wa kumwacha mtu akae sehemu moja muda mrefu. Wu Sangui, jenerali aliyewasaidia kuingia China, walimwachia Yunnan akakaa na jeshi lake na hela zake miaka na miaka, ilipofika 1673 akaasi na vita ikachukua miaka 8 kuzimwa. Wala Yunnan haikuwa kwao, alikuwa amekaa tu mpaka ikawa kama yake. Kwa hiyo dawa ikawa mbili kwa pamoja, usipelekwe kwenu, na huko utakakopelekwa usizoee. Magavana wengi hawakufikisha hata miaka 3 kituo kimoja.

Njia ya kufika huko juu ilianzia kwenye mtihani. Kulikuwa na hatua tatu kubwa, na ile ya mwisho, ya jinshi, kwa kawaida ilifanyika Beijing kila baada ya miaka mitatu na waliofaulu walikuwa mia mbili, mia tatu hivi kwa nchi nzima. Lin alifaulu 1811, kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi ya ukarani binafsi kwenye ofisi ya gavana wa Fujian, kwa hiyo alishaona kwa macho yake kazi hiyo inavyokwenda. Vijana waliong'ara zaidi waliingizwa Hanlin, chuo cha waandishi wa mfalme, na yeye akawemo. Wengine wengi waliishia kuwa wakuu wa wilaya, na hapa kuna kitu kizuri sana, vituo vingi vya kawaida viligawiwa kwa kuchomoa vijiti kama bahati nasibu, ili mkubwa wa wizara asimpangie mtu wake sehemu yenye ulaji. Wilaya ngumu zenye fujo na madeni ya kodi hazikuachiwa bahati, hizo magavana walipendekeza wenyewe mtu wanayemwamini, lakini ukimpendekeza mtu akaja kuharibu na wewe unaadhibiwa naye.

Vyeo vilikuwa ngazi 9, kila ngazi ina juu na chini, jumla 18. Mkuu wa wilaya alikuwa ngazi ya 7, juu yake mkuu wa jimbo dogo, alafu msimamizi wa kanda aliyeitwa daotai, alafu jaji mkuu wa mkoa, alafu mkuu wa fedha wa mkoa, ndo sasa gavana. Kila miaka mitatu unakaguliwa kwa mambo manne, uadilifu, uwezo, utendaji na umri. Lin akitokea Hanlin aliruka zile ngazi za chini, 1820 akawa daotai Zhejiang, 1823 jaji mkuu Jiangsu, na kesi alizozimaliza vizuri zikampa jina la Lin Mbingu Safi.

Alafu 1824 mama yake akafariki na kila kitu kikasimama. Afisa akifiwa na mzazi alitakiwa kuacha kazi arudi nyumbani kwa matanga ya miezi 27, haijalishi yuko juu kiasi gani, na kuficha msiba ili ubaki na cheo lilikuwa kosa kubwa. Alipomaliza akarudi kazini, 1827 baba naye akafariki, miezi mingine 27. Kwenye umri ambao wenzake wanapanda yeye yuko Fuzhou amevaa nguo za msiba. Kurudi kwake 1830 ndo akashika moto, ndani ya miaka miwili akawa mkuu wa fedha mikoa mitatu, kisha msimamizi wa Mto Manjano, na 1832 gavana wa Jiangsu. Miaka 21 tangu mtihani. Na huyo ni wa haraka! Tian Wenjing, aliyekuja kuwa kipenzi cha mfalme Yongzheng, hakuwa na jinshi kabisa, alianza kama msaidizi wa mkuu wa wilaya 1683 na ugavana wa Henan akaupata 1724.

Mshahara wa kwenye karatasi ulikuwa kichekesho, gavana wakia 155 za fedha kwa mwaka. Yongzheng ndiye aliyeongeza posho iliyoitwa ya kulea uadilifu, gavana akawa anapata zaidi ya wakia 10,000, kwa sababu aliona wazi kuwa mtu mwenye njaa na muhuri mkononi ataiba tu.

Mimi naona mfumo huu ulikuwa na akili sana ila bei yake ililipwa na wananchi. Gavana mgeni haelewi lugha ya mtaani, Mkantoni (mtu wa Guangdong) akiongea yeye haambulii kitu, na anapoanza kuujua mkoa anahamishwa. Waliobaki pale maisha yao yote ni makarani wa ofisi, wazawa, ndo waliojua faili liko wapi na shamba ni la nani, na bila kuwapa kitu faili halionekani. Ndo maana gavana alitembea na washauri wake binafsi anaowalipa mfukoni, wengi wakitoka Shaoxing, mji uliokuwa kama kiwanda cha kutoa watu hao.

Sheria ililegezwa mara chache mno. Chen Hongmou, mzaliwa wa Guangxi aliyeongoza mikoa mingi kuliko karibu mtu yeyote, aliwahi kupewa ugavana mkuu wa Guangdong na Guangxi kwa ruhusa maalum ya mfalme Qianlong, na haukudumu. Baada ya uasi wa Taiping, ule mkubwa wa katikati ya karne ya 19 uliotaka kuiangusha Qing, ndo mambo yakabadilika kweli, afisa Li Hongzhang aliwekwa gavana mkuu wa Zhili, mkoa unaozunguka Beijing, 1870 na akakaa kama miaka 25, jambo ambalo zamani lisingefikirika.

Lin yeye baada ya kasumba alivuliwa cheo 1840, akapelekwa uhamishoni Yili, magharibi ya mbali. 1845 akaitwa tena, akapewa Shaanxi, kisha Yunnan na Guizhou. Akastaafu akiwa mgonjwa, akarudi Fuzhou 1850. Mwaka huo huo barua ikaja, Guangxi kuna uasi, aende. Akaondoka na ugonjwa wake, akafia njiani, Puning, mkoa wa Guangdong.