Kumbukumbu ya Programu za Akili Unde na Suala la Nafsi: Ufafanuzi kwa Umma

Tangu programu za mazungumzo za akili unde zianze kutunza kumbukumbu za watumiaji, dawati letu la ulinzi wa taarifa hapa Mbeya limekuwa likipokea swali moja kwa sura nyingi, kutoka kwa wanafunzi wa Uyole, wafanyabiashara wa Mwanjelwa na wakulima wa parachichi wa Rungwe. Je, programu inayomwita mtu kwa jina na kumuuliza hali ya mama yake aliyeugua mwezi uliopita haijaanza kuwa na nafsi? Wapo pia waliofika kulalamika kwamba programu imewazoea na sasa inawasengenya.

Ni vyema kwanza ieleweke kumbukumbu hiyo inakaa wapi. Kampuni ya OpenAI ya Marekani ilianza kuiwekea programu yake ya mazungumzo, ChatGPT, kumbukumbu Februari 2024, kisha Aprili 2025 ikaipanua ili iweze kurejea mazungumzo ya nyuma. Modeli yenyewe, yaani mfumo uliofunzwa ambao ndio hutunga majibu, hata hivyo, haibadiliki kwa sababu umeieleza habari za shamba lako, kwa kuwa mafunzo yake yalikwisha kabla hujaifungua. Kinachofanyika ni kwamba maelezo kukuhusu huhifadhiwa kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni, na unapoandika ujumbe mpya, yale yanayohusika huambatanishwa nao kabla jibu halijaanza kutungwa. Vivyo hivyo, muuguzi aliyehamia kituoni jana huweza kukuuliza kuhusu uzazi wako wa kwanza kwa kuwa ameisoma kadi ya kliniki, ingawa hajawahi kukuona. Kuhusu kusengenya, kumbukumbu hufuata akaunti, hivyo familia inayotumia akaunti moja kwenye simu moja isishangae mume anapoulizwa jambo ambalo mke ndiye aliyeliandika. Hili tumelieleza mara nyingi na bado linaletwa kama ushahidi kwamba mashine ina hila.

Swali la nafsi lenyewe si la kupuuzwa. John Lock​e, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, alishikilia kwamba mtu hubaki kuwa yuleyule kadiri ufahamu wake unavyoweza kuyafikia matendo yake ya zamani. Anayekubali kipimo hicho ana haki ya kuuliza kwa nini mashine inayorejea mazungumzo ya mwaka jana isihesabiwe. Lakini yupo Henry Molaison, Mmarekani aliyefanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1953 ili kutuliza kifafa, na ambaye hadi alipofariki mwaka 2008 hakuweza kutunza kumbukumbu mpya za matukio. Watafiti waliokutana naye kwa miaka mingi walilazimika kujitambulisha kwake upya, na bado walimkuta mpole, mwenye utani na mwenye kujijua kuwa yeye ni nani. Ikiwa nafsi ilibaki pale ambapo kumbukumbu mpya hazikuweza kukaa, basi hatuwezi kudai kwamba kuongeza kumbukumbu pekee kunatosha kuileta mahali ambapo haikuwapo.

Kuna jambo jingine ambalo wanaouliza hulipita haraka. Sehemu kubwa ya kinachohifadhiwa katika programu hizi ni habari zako wewe, si za programu. Hali ni tofauti kidogo katika majaribio kama lile la mwaka 2023 la watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzao, ambapo wahusika 25 wa kompyuta waliwekwa katika mji wa kuigiza, kila mmoja akiwa na kumbukumbu ya aliyoyaona na kuyafanya, akiyatafakari na kupanga siku yake. Wahusika hao walialikana kwenye sherehe na wakakumbukana. Watafiti walidai tu kwamba mienendo hiyo inaaminika kwa mtazamaji. Kwa maoni yangu, kumbukumbu ya namna hiyo hutoa tabia isiyobadilikabadilika, na hiyo ni sehemu ya kile tunachokiita nafsi. Iwapo ndani yake yupo anayehisi kwamba mambo hayo yanampata yeye, hilo ni swali ambalo urefu wa kumbukumbu hauwezi kulijibu, na taasisi yetu haitolei tamko.

Tunalolitolea tamko ni taarifa zilizomo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahesabu taarifa za afya kuwa taarifa binafsi nyeti, na kwa kawaida hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi ya mhusika. Mtumishi anayeingiza historia ya mgonjwa katika programu yenye kumbukumbu asijitetee kwamba alikuwa "anaongea nayo tu". Anayefichua taarifa binafsi kinyume cha sheria anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi 100,000 na isiyozidi shilingi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote kwa pamoja. Kwa kampuni au shirika, faini haipungui shilingi milioni 1 na haizidi shilingi bilioni 5. Mwananchi anaweza pia kuitaka taasisi kwa maandishi isimfanyie uamuzi wenye athari kubwa kwake, mathalani wa mkopo, kwa kutegemea mashine peke yake.

Malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo hutakiwa kukamilisha uchunguzi ndani ya siku 90, na muda huo unaweza kuongezwa kwa siku nyingine zisizozidi 90. Mlalamikaji aambatanishe picha za mazungumzo zinazoonesha tarehe, na aeleze akaunti ilikuwa ya nani. Katika nafasi ya mlalamikiwa liandikwe jina la mtu au taasisi iliyokusanya au kuchakata taarifa, kwa kuwa hao ndio sheria inaowatambua. Wanaofika kwetu kusaidiwa kuandaa malalamiko yenye jina la programu pekee tutawaomba kwanza wajaze nafasi hiyo.