Mwisho wa mtaro kuna nyumba ya mtu

Anayeshuka Darajani, katika mji wa Zanzibar, leo haoni daraja. Jina limebaki, daraja lilikwenda pamoja na mkono wa bahari uliokuwa ukiingia pale na kuugawa mji, Mji Mkongwe huku, Ng'ambo kule. Mkono ule ulifukiwa kidogo kidogo, pakawa viwanja, barabara na soko. Lakini ardhi ya pale bado ni bonde, na masika yakipiga, maji kutoka miinuko ya Ng'ambo huteremkia huko huko yalikozoea. Yakikuta ukuta, huingia mlangoni.

Bahari nayo ina sehemu yake. Wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, maji yetu hupanda na kushuka kwa kiasi cha mita 4, na mitaro yetu mingi humwaga pwani. Mvua kubwa ikikutana na bamvua lililojaa, mdomo wa mtaro uko chini ya bahari, na maji ya mvua hukaa yakisubiri kupwa. Mvua kama hiyo hiyo ikinyesha siku ya maji mafu, bahari isipojaa sana, mtaa unaweza kukauka kabla ya adhuhuri. Baharia yeyote wa Malindi ya hapa mjini anajua kuwa bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kwa hiyo ofisi ya manispaa yenye kalenda ya bahari ukutani inaweza kujua, wiki kadhaa kabla, siku zipi za Aprili zitakuwa za hatari.

Kusafisha mitaro kunatakiwa kumalizike Februari. Na tope linalotolewa lipakiwe gari siku hiyo hiyo, lipelekwe jaa la Kibele. Tope likirundikwa kando ya mtaro, mvua ya kwanza inalirudisha ndani, na kazi imelipwa bure. Mifuko ya plastiki tumeipiga marufuku tangu 2006, miaka mingi kabla ya Bara, lakini chupa za maji na nepi hazikuguswa na amri ile, na ndizo tunazozikuta zimeziba.

Hayo yanaonekana kwa macho. Linalonitia wasiwasi zaidi liko chini ya miguu. Sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya jiwe la matumbawe, lenye matundu na nyufa. Karo, yaani shimo la maji machafu ya choo, lisiposakafiwa chini hujinywea lenyewe, na utamsikia mwenye nyumba akijisifu: "Karo langu mwaka wa ishirini huu, halijajaa hata siku moja." Mimi nikisikia hivyo naulizia visima vya majirani. Kilichomo karoni kimekwenda mahali, na chini ya jiwe hilo ndiko yaliko maji matamu tunayoyavuta kwa mashine na ndoo. Miongozo mingi hutaja mita 30 kati ya choo na kisima. Katika jiwe lenye nyufa, umbali huo si kinga ya kutegemea.

Kipindupindu kilipolipuka hapa mwaka 1978, kilianzia kijiji cha wavuvi na kuua watu 51. Baadaye kimerudi mara nyingi, na mwaka 2009 ikatolewa chanjo ya kunywa Unguja na Pemba katika shehia, yaani maeneo madogo ya utawala, zilizokuwa zikishambuliwa zaidi. Chanjo husaidia kwa muda. Karo linalovuja liko pale pale.

Makunduchi, kusini mwa Unguja, waliwahi kutuonyesha namna nyingine ya kulitazama shimo la choo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, vyoo vya huko vilimwagiwa chembe nyepesi za plastiki zinazoelea, tabaka likafunika maji, na mbu anayezaliana katika maji machafu akakosa pa kutagia. Pamoja na dawa walizopewa wanakijiji, maambukizi ya matende yalishuka sana. Hapakuwa na mashine ya ajabu. Watu walikwenda choo kwa choo.

Hapo ndipo uzito wa serikali za mitaa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 893,169 katika Mkoa wa Mjini Magharibi, karibu nusu ya Wazanzibari wote, chini ya manispaa tatu: Mjini, Magharibi A na Magharibi B. Sheha, kiongozi wa shehia, anajua nyumba ipi inafungulia karo usiku mvua ikinyesha. Lakini sheha hana gari la kunyonya maji ya karo, na gari lenyewe haliingii vichochoroni. Nyumba iliyo barabarani husafishiwa, ya ndani huchelewa au hulipa zaidi kwa mipira mirefu, na aliyepanga bondeni, ambako kodi ni nafuu, hupokea vya wote walio juu yake. Kuwatoza watu hawa ada moja na kuiita usawa, mimi sikubaliani nako. Dar es Salaam wametumia pampu za mkono na pikipiki za magurudumu matatu katika mitaa kama hiyo. Manispaa zetu zingeweza kuzijaribu, na bajeti ya mitaro ianzie bonde la mwisho ipande juu, badala ya kuanzia barabara kuu.

Kwa anayejenga mwaka huu: mwite bwana afya kabla ya kuchimba karo, na umwonyeshe kisima cha jirani pamoja na chako. Sakafu ya zege chini ya karo itakugharimu, na kila baada ya miaka kadhaa utaita gari. Likijaa, ujue linafanya kazi.