Uwezeshaji kiuchumi: kuwa na mali na kuwa na kauli

Uwezeshaji kiuchumi ni mtu kupata njia ya kujiingizia kipato, na pia kuwa na kauli juu ya kipato hicho na mali inayotokana nacho. Hilo la pili ndilo linalosahaulika. Kwenye hafla zetu neno hili likitajwa, kinachofuata ni kugawa cherehani au vifaranga, au ile hundi kubwa ya mfano inayoshikwa na watu watano wapigwe picha.

Kesi moja ya Kagera inaieleza dhana hii kuliko hotuba nyingi. Mama mmoja alirithi shamba kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mtoto wa ndugu yake akakimbilia mahakamani: mila za Kihaya zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini si kuiuza. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba ubaguzi huo unapingana na haki zilizomo kwenye Katiba, na kwamba mwanamke anaweza kuuza kwa masharti yale yale yanayomhusu mwanamume. Ukoo ukilitaka shamba, ulirudishe kwa kumlipa mnunuzi pesa yake.

Mama huyo shamba alikuwa nalo siku zote, na hakuna aliyemzuia kulima. Alichonyimwa ni kauli ya mwisho.

Hapo ndipo uchumi unapokutana na haki. Anayemtegemea mwingine kwa kila kitu hawezi kumwambia hapana: mke anayepigwa anabaki kwa kuwa hana pa kwenda, kibarua anapunjwa na kunyamaza, mpiga kura anapokea kitenge na kilo ya sukari. Sheria inawalinda wote hao, lakini kwenda kudai haki kunahitaji nauli, na siku nzima bila kibarua.

Tanzania ilitunga Sheria ya Taifa ya Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi mwaka 2004. Halmashauri nazo hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa baada ya kuibuka vikundi hewa na marejesho kusuasua, kisha ikarudishwa 2024. Kwa maoni yangu, vikundi vya kuweka na kukopa vya mtaani hufundisha zaidi. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na pesa huhesabiwa mbele ya wanachama wote. Anayeamua anaonekana.

Hata hivyo, mkopo ukitoka kwa jina la mke na bodaboda akainunua na kuiendesha mume, aliyewezeshwa ni nani? Marejesho yakikwama, anayegongewa mlango ni mke. Ukitaka kuupima mradi wowote, achana kwanza na idadi ya walionufaika. Uliza hati ina jina la nani, nani anaijua namba ya siri ya simu pesa inakoingia, na mhusika akikataa kuuza, nani atamkasirikia na atamfanya nini.