Maziwa ya mama hayajazi kingamwili kwenye damu ya mtoto

Wengi huamini kwamba kingamwili (protini za mwili zinazopambana na vijidudu) zinazomlinda mtoto mchanga dhidi ya bakteria huingia kwenye damu yake kupitia maziwa. Kwa ndama ni kweli. Kondo la ng'ombe halipitishi kingamwili, hivyo ndama asiponyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza, ndani ya saa 24 hivi, utumbo hufunga mlango na damu yake hubaki bila kinga.

Binadamu ni tofauti. IgG, aina mojawapo ya kingamwili, hupita kwenye kondo la nyuma, nyingi yake katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, ndiyo maana njiti huzaliwa na akiba ndogo. IgM, aina nyingine, haipiti. IgA, aina ya kingamwili iliyomo kwenye maziwa, hubaki utumbini ikizuia bakteria kung'ang'ania ukuta wake. Kazi kubwa, isidharauliwe.

Panya ana njia zote mbili, na hapo ndipo matokeo ya maabara husomwa vibaya. Watafiti makini hubadilisha makinda: waliozaliwa na mama aliyechanjwa hunyonyeshwa na asiyechanjwa, na kinyume chake, ndipo huambukizwa bakteria. Bila hatua hiyo, haijulikani kinga ilipita wapi. Na kinda akiokolewa na IgG ya maziwa, huo si ushahidi kwamba mtoto wa binadamu angeipata damuni.