"Wenzangu Wameweza, Mimi Je?" Maswali kuhusu sonona na kujilinganisha

Sonona ni nini?
Ni ugonjwa: huzuni au kukosa hamu ya uliyoyapenda, karibu kutwa, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi. Usingizi, chakula na nguvu navyo huvurugika. Uvivu haumo.

Kujilinganisha na wengine kunaingiaje?
Kila mtu hujilinganisha. Mwanasaikolojia Leon Festinger aliandika mwaka 1954 kwamba tusipokuwa na kipimo kingine, tunajipima kwa wenzetu. Asiye na sonona huona wivu kidogo, kisha akaendelea na shughuli zake. Mwenye sonona hujihukumu: "Yeye kaweza, basi mimi si mtu." Humtafuta aliyemzidi tu, tena kwenye siku nzuri ya huyo, akajipima naye kwenye siku yake mbaya. Lawama zikimlemea, kazi zinalala. Kazi zikilala, kesho ana ushahidi mpya wa kujilaumu.

Lakini si kujisema ndiko kunakonisukuma?
Hapana. Wanaoniuliza hivi wamejisema miaka na miaka, na bado kutoka kitandani ni vita.

Kuna wenye shida kuliko mimi. Nisubiri kwanza?
Usisubiri. Hapo umeshajilinganisha tena, safari hii kwa maumivu! "Fulani kafiwa, mimi sina hata sababu." Kwa neno hilo watu hunifikia mwaka mzima baadaye, wamekonda, wamepoteza kazi, na bado wananiomba radhi kwa kunipotezea muda. Sonona haidai sababu. Wiki 2 zikipita, nenda kituo cha afya.

Na nikijikaza kidogo tu?
Umeshajikaza vya kutosha. Nenda.

Ndugu yangu anasema sisi tungepumua asingekuwepo.
Hiyo ni dharura, ya leo. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu karibu naye, mpeleke hospitali. Tafadhali, msianze kumtajia wenye shida zaidi yake.

Tiba ipo?
Ipo. Kuna tiba ya mazungumzo, ambayo mgonjwa hufundishwa kuzikagua hukumu zake badala ya kuziamini tu, na kuna dawa. Dawa huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu, na haziachwi ghafla. Ukiwa kwenye foleni ya kliniki, usimuulize jirani yako yeye alipata nafuu wiki ya ngapi.